Pompe ya Maji Iliyovuka Mpaka na Katoni Yake

Kosa langu la kwanza lilikuwa la shati. Asubuhi ya Jumatatu, kwa Mama Nabintu kule Lemera, nilikuwa nimeifungua pompe ya maji ya pikapu yake. Ilikuwa imekufa kabisa, beringi imekwisha, mafuta meusi yanachuruzika. Nilikuwa nimekwisha kunawa na kuvaa shati jeupe la kanisani, kwani sikuwa na lingine safi la kushukia mjini. Nikaitazama pompe, nikalitazama shati. Pompe nikaiacha juu ya gunia barazani. Nikaondoka na daftari tu, na ndani yake namba ya shasi niliyoinakili mara mbili na kuihakiki mara tatu.

Mmeniuliza wengi, hasa ninyi wa garaji za Mulongwe hapa Uvira, ilikuwaje mkaniona Ijumaa ile nimekaa ukingoni mwa barabara na pompe mbili mapajani kama mtu aliyepotewa na akili. Naandika yote mara moja ili nisisimulie mara kumi, kila mara nikijisafisha kidogo zaidi.

Ufundi wangu mnaujua. Shuleni sikuusoma. Nilijifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa video za simu. Mtu aliyejifunza peke yake huwa na hofu moja isiyolala: kwamba kuna jambo ambalo wengine wote walifundishwa siku ambayo yeye hakuwepo. Mimi boliti nikiikaza narudi kuigusa mara tatu. Mwaka jana nilinunua beringi mtaani, imo katika katoni nzuri, ikaanza kulia siku ya nne. Niliona aibu mpaka nikajificha wiki nzima. Tangu hapo nikaapa: kipuri au piyesi ya gari nitainunua konsesioni, kwa kampuni yenyewe, au sitainunua.

Sasa jambo lenyewe. Mama Nabintu ni mjane, na pikapu ile ndiyo gari pekee ya mteremko wao inayoshusha mboga. Wanawake saba, yeye wa nane, walikuwa wamekata kabichi Jumamosi ili zishuke Uvira Jumatatu. Pompe ikafa jioni ileile. Kabichi ikishakatwa haimngoji fundi. Zilikuwa zimepangwa barazani kwake mpaka dirishani. Watu walimwambia amwite fundi mzee wa mjini. Yeye akanipa pesa ya pompe waliyochanga wanawake wote, na ufunguo, umefungwa kitambaa chekundu, akasema, "Minye nimekuamini weye, mwanangu. Soko ya Jumamosi isinipite."

Nikamjibu kwamba Jumatano gari itakuwa inanguruma. Nilisema Jumatano. Halazimishwi mtu kusema siku, lakini mimi nilisema.

Kutoka Uvira mpaka Kavimvira

Jumanne alfajiri nilitoka nyumbani, na mambo ya karatasi za kuvukia nayaruka, mnayajua. Pale Kavimvira, mpakani na Burundi, wabadilisha pesa walikuwa wamekwisha kukaa kwenye viti vyao vya plastiki, na mimi nikanunua mandazi mawili na chai ya rangi kwa mama mmoja wa sufuria. Nilipokuwa nakula, nikajikuta nimesimama karibu na mfanyabiashara anayevuka kila siku, Mama Zawadi. Huyu mtamsikia tena. Kitenge kiunoni, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Weye mwenye shati ya harusi," akasema, "unaenda kuoa Bujumbura?"

"Naenda kununua pompe ya maji, mama."

"Na ile ya zamani iko wapi?"

Nikamwonyesha daftari. Nikamweleza, kwa fahari, ndiyo, kwa fahari, kwamba gari ina namba yake ya shasi, na konsesioni wakiingiza namba kwenye mashine wanaona kila piyesi ya gari hiyo tangu ilipozaliwa.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Namba! Kwani gari itakunywa maji kwa namba? Sisi kwetu, hata ukinunua kifuniko cha sufuria, unaenda na sufuria."

Wote waliokuwa wanakunywa chai wakacheka. Mimi nikaona ni watu wasioelewa. Nakiri hapa kwamba nilimhurumia yule mama.

Bujumbura, mbele ya kioo

Jina la kampuni silitaji. Ni duka kubwa, vigae vinang'aa, baridi ya mashine inakupiga kifuani ukiingia, na kaunta yake ni ya kioo. Nilipewa kikaratasi cha foleni. Nilikaa tangu asubuhi mpaka wakafunga kwa chakula cha mchana kabla zamu yangu haijafika. Mlinzi akatutoa nje sote, wagonjwa wa magari, tukasimama juani tukiitazama ile baridi ikibaki ndani peke yake.

Nje nilikula maharagwe na ndizi za kupika pamoja na dereva mmoja wa lori, mtu mwenye maneno machache. Kwenye mfuko wa plastiki alikuwa na kitu kizito. Nikamuuliza ni nini. Akafungua: rotili, kile kiungio cha usukani wake, imechakaa, imejaa matope. Nikajiambia moyoni, huyu watamfukuza.

Na kweli walimfukuza. Tuliporudi ndani, yeye alinitangulia. Kijana wa kaunta, amevaa tai, alirudi nyuma hatua moja alipoona ule mfuko.

"Non, non, papa. Vyuma vichafu haviwekwi juu ya kioo. Lete namba."

"Namba sina. Nina hii."

"Basi hatuwezi kukusaidia."

Dereva hakubishana. Alifunga mfuko wake taratibu, akaniangalia mimi na daftari langu, akasema, "Haya, msomi," akatoka. Neno hilo lilinifurahisha. Nililipokea kama sifa! Leo nikilikumbuka natamani kumtafuta yule mtu Bujumbura nzima nimwombe msamaha.

Zamu yangu ikafika. Nikaisoma namba pole pole, kijana akaipiga kwenye mashine, akaisoma tena, tukakubaliana kila tarakimu kama watu wawili wanaosali pamoja. Pompe iko. Bei yake ilikuwa mara nne ya ile ya mtaani. Nikamwonyesha simu.

"Nina picha ya ile ya zamani. Tulinganishe tu."

"Hapa hatuuzi kwa picha. Picha inadanganya, namba haidanganyi."

Na mimi, jamani, nikatikisa kichwa kukubali. Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mwenyewe mara nyingi.

"Naweza kufungua katoni nione?"

"Ukifungua, umenunua."

Nyuma yake ukutani palikuwa na tangazo: piyesi iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Nililisoma, na mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri: hawa ni watu wanaoiamini kazi yao. Nikalipa. Katoni ilikuwa nyeupe, ina karatasi ya kung'aa yenye jina la kampuni, kona zote nne zimenyooka. Niliibeba kwa mikono miwili.

Lakini hasira yangu naiweka hapa, maana ndipo inapokaa. Duka linaloishi kwa kuuza vyuma linakataa kuona chuma. Mteja amesafiri, amevuka mpaka, ameketi siku nzima, na hakuna dakika moja ya kufungua katoni na kutazama. Kioo chao kina thamani kuliko gari ya mtu. Na kosa likitokea, tangazo limekwisha kutundikwa kabla hujafika. Hiyo si imani katika kazi yao. Ni mlango uliofungwa kwa heshima.

Kurudi: meza ya duane

Jioni mapema nilikuwa Kavimvira tena, upande wetu. Sina shutuma kwa ofisa wa duane, yaani forodha. Hakunidai kitu nje ya sheria, tena alikuwa na adabu kuliko mimi. Tatizo lilikuwa katoni. Mbele yangu watu walipita na piyesi zilizotumika, nyingine zimefungwa gazeti, nyingine kwenye ndoo, kila moja ya gari ya mwenyewe, wakatazamwa, wakaambiwa wapite. Mimi nikaweka mezani katoni nyeupe na fakitire, ile risiti ya duka yenye muhuri.

"Weye uko agent wa konsesioni?" akaniuliza.

"Hapana. Niko fundi."

"Fundi wa konsesioni."

"Fundi wa Uvira."

"Fundi wa Uvira hanunuake bintu hivi." Akaigeuza katoni, akasoma fakitire, akapiga mluzi alipofika kwenye bei. "Hii iko marchandise, bintu bipya bya biashara. Inangoja chef, na chef amekwenda kilio. Kesho."

Mama Zawadi alikuwa anapita na magunia yake, akaniona kwenye benchi. Hakuhitaji kuambiwa.

"Baba, toa pompe mu katoni, uifunge kitenge kama mutoto, uende kwenu. Katoni inakuletea mateso."

"Mama, bila katoni nitathibitishaje kwamba ni orijinale?"

"Kwa nani?"

 Kwa nani, kweli? Kwa Mama Nabintu, asiyejali? Kwa pikapu? Katoni niliibeba kwa ajili yangu, kwa ajili ya ile hofu yangu, ili siku mtu akiniuliza kama nilifanya kazi sawasawa niwe na kitu cha kuonyesha. Nikaiacha duane, nikalala nyumbani bila usingizi wa maana, nikarudi asubuhi. Chef alifika jua likikaribia kuzama, macho mekundu ya kilio, akagonga muhuri bila kuuliza hata swali moja.

Jumatano ikawa imeisha. Simu ya Mama Nabintu ilikuwa haipatikani, na nakiri nilishukuru.

Bonde mpaka Mutarule, kisha mlima

Alhamisi nilikodi pikipiki, katoni nimeipakata mbele ya tumbo. Dereva wake, Kashindi, ni mtu anayeongea na barabara: kila shimo analitukana kwa jina. Tulipita Kiliba na Sange vizuri. Kufika Mutarule, tairi la nyuma likapasuka.

Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyotaka, Kashindi akiziba mpira wa ndani kwa kipande cha raba alichokikata kwenye ndala yake mwenyewe, namaanisha ndala aliyokuwa ameivaa. Mama mmoja aliyetoka shambani alituuzia mahindi ya kuchoma, akakataa kuchukua pesa ya la pili. Wanaume watatu wakaja kuizunguka katoni.

"Iko televizyo?"

"Ni pompe ya maji."

"Ya kisima?"

"Ya gari."

"Gari ya nani?"

Niliposema ya Mama Nabintu, wakaacha kuizunguka katoni. Mmoja akasema, "Ile ya mashu, ya kabichi? Batu ba kule juu wanasema fundi amekimbia na pesa."

"Fundi ni miye," nikasema.

Wakanitazama shati. Yule yule akasema, "Bon. Basi hajakimbia mbali."

Kashindi alicheka mpaka akaangusha raba. Mimi sikucheka. Nilitaka kufungua katoni niwaonyeshe, niwasomee fakitire. Siku nne tu, na mimi nimekwisha kuwa mwizi bonde zima!

Tukaiacha barabara kubwa, tukaanza kupanda. Nilipofika kwa Mama Nabintu, harufu ndiyo iliyonipokea. Kabichi za chini zilikuwa zimeanza kulainika. Wanawake walikuwa wamezibandua majani ya nje, wakayarundika pembeni, na kila kabichi ilikuwa imepungua. Walikuwa wamekaa wakiendelea kubandua. Hakuna aliyenilaumu. Walinisalimu vizuri, na hilo lilinichoma zaidi. Wakaniletea bugali na kabichi. Jirani akaleta sahani nyingine: maharagwe na kabichi.

Nikavua shati, nikavaa la kazi, nikafungua katoni mbele yao kama mtu anayefungua zawadi. Pompe ilikuwa nzuri. Nikaiweka mahali pake. Boliti ya kwanza ikaingia. Ya pili. Ya tatu. Mashimo matano yalikubali. La sita likakataa.

Nilifikiri ni uchafu, nikasafisha. Nikageuza. Nikalegeza zote nikaanza upya. Shimo la sita lilikuwa limekaa pembeni kwa upana wa kidole, na shingo ya pompe ilikuwa fupi, pangaboi lisingefika. Haikuwa jambo la kulazimisha. Nilijua tangu jaribio la pili, lakini niliendelea mpaka la sita au la saba, kwa sababu kama ningeacha ningelazimika kugeuka.

Niligeuka. Mama Nabintu alikuwa amesimama na ile pompe ya zamani mkononi, ameitoa kwenye gunia.

"Haiko yake?" akauliza.

"Haiko yake, mama. Lakini namba ni yake! Namba ya shasi niliisoma mwenyewe."

"Shasi, ndiyo. Injini haiko ya hii gari. Ile ya kwanza ilikufaka zamani, marehemu mume wangu akaweka ingine."

Nikaiweka spana chini. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Hakuna muntu aliniulizaka."

Aliyasema bila ukali. Nilikuwa nimeuliza kibati cha shasi, nimeuliza mashine ya Bujumbura, nimeuliza video. Mwenye gari, aliyekuwa ananipikia, sikumuuliza. Na namba ya injini yenyewe, iliyofunikwa na mafuta mazito, sikuisugua nikaisoma, kwa sababu ile ya shasi ilikuwa safi na iko mahali pa kuonekana.

"Na hii," akaendelea, akiinyoosha ile pompe ya zamani, "ilikuwa hapa siku zote. Uliiacha sababu gani?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia ukweli. "Sababu ya shati, mama."

Mmoja wa wale wanawake akatoa kicheko kifupi, kisha akakimeza. Mama Nabintu hakucheka. Alikuja mpaka kwenye pikapu, akauchomoa ufunguo wenye kitambaa chekundu, akautia ndani ya kitenge chake, kiunoni. Halafu akaniwekea pompe ya zamani mikononi, mafuta yake yote.

"Soko iko kesho kutwa," akasema. "Nenda nayo."

Kushuka tena: kwa Mzee Radjabu

Ijumaa asubuhi nilishuka nikiwa na pompe mbili na shati jeupe, kwa kuwa lile la kazi lilikuwa limelowa. Pompe ya zamani niliikumbatia. Doa lilianzia mfukoni likaenda mpaka tumboni.

Mzee Radjabu mnamjua: duka lake la vipuri kule Mulongwe, vyuma vimening'inizwa kwa waya mpaka huwezi kuiona dari. Babu zake walifika Uvira kwa biashara ya ziwani tangu kale. Kwake ndiko nilikoapa nisikanyage tena, maana ile beringi iliyolia siku ya nne ilitoka kwake. Nilipofika, milango imefungwa: sala ya Ijumaa. Ndipo mliponiona nimekaa ukingoni na pompe mapajani. Nilisubiri. Kila dakika niliiona kabichi.

Aliporudi, kanzu safi, alinitazama kwanza mimi, kisha mzigo.

"Hizi ziko za gari ngapi?"

"Moja, mzee."

"Gari moja, pompe mbili!" Akawaita majirani waje waone. Akaivua kanzu yake, akavaa koti la kazi, akazichukua zote mbili, akaziweka chini juu ya gunia, ubavu kwa ubavu. Hakuuliza namba. Alipitisha kidole gumba kwenye kila shimo, kama mtu anayehesabu meno ya mtoto. Kisha akaishika ile mpya, ya konsesioni, akaugeuza mgongo wake.

"Pashika hapa."

Nikapashika. Palikuwa na sehemu laini, imesagwa kwa jiwe la mashine. Akaingia ndani, akarudi na katoni ya kijivu isiyo na jina la kupendeza, akatoa pompe. Ilikuwa ileile. Umbo lile, shingo ile, mikunjo ile ya chuma. Mahali pale pale, badala ya kusagwa, palikuwa na alama ya kiwanda kilichoitengeneza.

"Kampuni ya gari haitengenezake pompe," akasema. "Inanunua kwa huyu, inafuta jina yake, inaweka mu katoni yake. Minye nanunua kwa huyu huyu, naacha jina yake. Hii ndiyo ile yako. Iko robo ya bei uliyolipa."

Sijui kama mmewahi kukasirika mpaka mkasikia masikio yanapiga. Si pesa tu. Nililipa mara nne ili nisilale na wasiwasi, na nilichouziwa ni kazi ya kusaga jina la mtu. Neno "orijinale" nililolibeba kifuani miaka yote, kumbe ni katoni.

"Lakini hata hii siyo ya injini yako," mzee akasema, akaisukuma kando. Akapanda kwenye ngazi, akateremsha nyingine, akaiweka sambamba na ile ya zamani. Mashimo sita, shingo ndefu. Zililingana kama nyayo za mtu mmoja. "Hii. Injini ile minye nilimuuzia marehemu mume wa Nabintu. Nilimuuliza: gari yako iko shasi gani? Akanijibu: Radjabu, shasi haichemshake."

Hapo nilipaswa kunyamaza na kulipa. Sikuweza. Nikamwonyesha zile pompe zilizoning'inia mbele ya duka, zimepakwa rangi ya fedha inayong'aa kupita kiasi.

"Na zile, mzee?"

"Zile ziko za batu wenye haraka."

"Ni bandia."

"Ziko bandia, ndiyo."

"Mbona unaziuza? Beringi uliyoniuzia mwaka jana ililia siku ya nne!"

Majirani wakasogea. Mzee hakukasirika. "Siku ile ulikuja na ile ya zamani?"

"Hapana."

"Uliniuliza nini kwanza?"

Nikakumbuka. "Bei."

"Eeh. Na minye nikakupa bei."

Sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubali. Muuzaji anayejua kwamba chuma hiki kitalia, akakinyamazia kwa sababu mteja hakuuliza vizuri, naye ana kioo chake, hata kama duka lake halina kioo. Nilimwambia hivyo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umesema kweli, mwanangu. Sasa beba pompe yako, soko haingoji hasira." Kuinunua ile ya konsesioni alikataa, kwani gari zinazoichukua, alisema, Uvira nzima ziko tatu tu. Gharama yake niliibeba mimi, si wale wanawake.

Jumamosi, njia ya miguu

Jioni ile sikupata pikipiki ya kupanda. Jumamosi kulipopambazuka Kashindi alinipeleka, ndala moja mguuni, nyingine bado iko ndani ya tairi.

Tulipokuwa tunapanda, kwenye kona ya mwisho ya mlima, niliwaona. Wanawake wanane wanashuka kwa njia ya miguu, mmoja nyuma ya mwingine, vikapu mgongoni, mikanda ya kamba imepita kwenye paji la uso, shingo zimekaza. Kabichi. Walikuwa wamechagua zile zilizobaki nzima, kila mmoja kadiri alivyoweza, wakazishusha kwa vichwa vyao kwa sababu mimi nilisema Jumatano. Mama Nabintu alikuwa wa mbele. Hakuweza kuinua uso kwa uzito, akanitambua kwa viatu.

"Unayo?" akauliza.

"Ninayo. Nimeilinganisha na ya zamani, mama, shimo kwa shimo."

Alisimama pale, kikapu mgongoni, akipumua. Kisha akaingiza mkono kiunoni, akautoa ufunguo, akanipa bila kuinua kichwa.

"Sisi tunaendelea kushuka. Ukitufikia, tutapanda. Usipotufikia, uniletee ufunguo nyumbani."

Sitawaeleza ile kazi, mnaijua. Boliti sita, zote zikaingia. Sikurudi kuzigusa mara tatu. Hapakuwa na nafasi. Nikajaza maji, nikawasha, nikasikiliza, hakuna tone. Kabichi zilizobaki barazani na zinazofaa nikazipakia na watoto wa jirani, zile zilizooza zikabaki, na hizo zilikuwa karibu nusu ya zote.

Niliwafikia wakiwa wamekaribia kabisa bonde. Nilipiga honi kutoka mbali kama kichaa. Walikaa chini pale pale njiani, wakavua mikanda, na kila paji la uso lilikuwa na mstari mwekundu. Mmoja wao, yule aliyecheka Alhamisi, aliuangalia mfuko wa shati langu jeupe.

"Fundi," akasema, "leo umevaa shati ya kazi."

Soko la Uvira tulilikuta linakaribia kuisha. Waliuza walichouza, kwa bei ya mchana. Mama Nabintu aliposhuka alinyoosha mkono, nikamrudishia ufunguo wake.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Ile pompe ya konsesioni nimeitundika garajini kwangu, upande uliosagwa ukitazama mlango. Doa la shati halikutoka. Pikapu ikihitaji kazi, Mama Nabintu huileta mwenyewe, hukaa juu ya gunia, na ufunguo haachi. Sasa sishiki boliti kabla ya kumuuliza mwenye gari historia ya gari yake, na siendi duka lolote, la kioo wala la waya, bila kifaa cha zamani mkononi.